Je, Tanzania ilikuwa na haki kisheria kufika Kampala?

SWALI: Shikamoo, Wakili. Babu yangu alipigana vita vya Kagera na husema tulikuwa na haki ya kumpiga Idi Amin wa Uganda hadi Kampala. Mwalimu wetu wa historia anasema tulivunja sheria. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba, mjukuu. Hadi Mutukula, pale mpakani na Uganda, babu yako hana mpinzani. Majeshi ya Amin yalivuka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakavunja daraja la Kyaka, na mwenyewe akatangaza kwamba eneo lote hadi Mto Kagera ni mali ya Uganda. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu nchi iliyoshambuliwa kujilinda.

Ugumu unaanzia ng'ambo ya mpaka. Kujilinda lazima kulingane na hatari iliyopo. Nyerere alieleza kuwa vita ni viwili: vyetu vya kumfukuza mvamizi, na vya Waganda wenyewe vya kumwondoa dikteta. Hoja nzuri, ila mizinga iliyoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 ilikuwa yetu kwa sehemu kubwa! Katika mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) kule Monrovia, Liberia, Julai mwaka huo, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu.

Mimi ningemtetea Nyerere hivi: Amin hakuwahi kutoa ahadi ya kuaminika kwamba hatarudi. Kwamba alikuwa anaua watu wake, hiyo ni sababu ya kibinadamu. Kwa sheria ya wakati ule isingetosha. Mwalimu wako naye ana hoja, usimbishie sana darasani.