Mjamzito wa mwezi wa tano: kutembea asubuhi na kuswali kwa kukaa

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, Sheikh. Mimi ni mke wa mtu, ninaishi Tanga na mume wangu pamoja na mama mkwe. Mimba yangu imeingia mwezi wa tano. Kichefuchefu kimekwisha, chakula kinapita, na kliniki wameniambia kwamba mimi na mtoto tuko salama, wakanishauri nitembee badala ya kushinda nimekaa. Sasa kila siku baada ya swala ya alfajiri ninatembea na jirani yangu, na nikirudi mwili huwa mwepesi, hata usingizi wa usiku umerudi. Mama mkwe hapendi. Anasema mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi miwili kwa sababu sikutulia, na kwamba hii nayo ikitoka nitakuwa nimeua. Mume wangu hajui amsikilize nani. Jambo la pili, ninapoinuka kutoka kwenye sijida hushikwa na kizunguzungu. Je, inafaa niswali kwa kukaa, ilhali barabarani ninatembea? Naomba majibu kwa dalili.

JIBU:

Waalaykumussalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake na Masahaba wake.

Dada yangu, nitaanza na neno lililokuumiza zaidi, kwa kuwa hukumu ya kutembea haiwezi kukutuliza ikiwa moyoni bado unajiona muuaji. Mimba iliyotoka ikiwa na miezi miwili, pasipo wewe kunywa kitu wala kufanya jambo kwa kusudi la kuitoa, haina dhambi juu yako, haina kafara, na hakuna mwanachuoni yeyote ninayemjua aliyesema kwamba mwanamke huhesabiwa kuwa ameua kwa sababu alitembea, alipanda ngazi au alifua nguo. Madaktari nao wameeleza kwamba mimba nyingi zinazoharibika katika wiki za mwanzo chanzo chake ni hitilafu iliyotokea tangu chembe za uzazi zilipokutana, hitilafu ambayo kulala kitandani hakuwezi kuiondoa. Allah anasema katika Sura ya Al-Israa, aya ya 36, kwamba mtu asifuate jambo asilo na ujuzi nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kumwambia mwanamke aliyefiwa na matumaini yake kwamba yeye ndiye aliyeyaua, bila ujuzi wowote, ni jambo zito, hata likisemwa na mtu anayekupenda.

Pamoja na hayo, usimdhanie mama mkwe ubaya. Hofu yake ina asili. Katika Hadithi ya Abdullah bin Mas'ud iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza hatua za kiumbe tumboni, na wanachuoni wengi wamefahamu kutokana nayo kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Mimba yako imefika mahali hapo, na mtoto uliyembeba ni nafsi yenye heshima kamili. Mama huyo anaiheshimu nafsi hiyo. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba heshima yake hulindwa kwa kukufungia ndani.

Sasa tuje kwenye kutembea kwenyewe. Asili ya harakati za mwili katika sheria ni kuruhusiwa mpaka ithibiti madhara, na kwa mjamzito mwenye afya hakuna aya wala Hadithi inayomtaka alale miezi tisa. Bali katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 189, Allah anamtaja mwanamke aliyebeba mzigo mwepesi akawa anakwenda nao, kisha akauelezea wakati unapokuwa mzito, ambapo yeye na mumewe humwomba Mola wao awape mtoto mwema. Sisemi kwamba aya hii imeteremshwa kufundisha utabibu. Ninachosema ni kwamba Qur'ani inamtaja mjamzito akiendelea na mwendo wake wa kila siku, na haikulitaja hilo kwa lawama.

Wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa hivyo. Asmaa bint Abu Bakr (R.A.) alitoka Makka kuhamia Madina akiwa amekwisha kutimiza miezi ya mimba, akashukia Quba na hapo akamzaa Abdullah bin Zubayr, kama alivyosimulia mwenyewe katika Sahih Bukhari. Asmaa bint Umays (R.A.) alitoka Madina pamoja na msafara wa Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, mimba yake ikiwa ukingoni, na walipofika Dhul-Hulayfa akamzaa Muhammad bin Abu Bakr. Alipotuma mtu kumuuliza Mtume (S.A.W.) afanyeje, aliamriwa aoge, ajifunge vizuri kitambaa na ahirimie (yaani aingie katika ibada ya Hija), hakukemewa kwa kusafiri katika hali ile. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim. Sikutajii wanawake hawa ili uwaige kwa kusafiri jangwani juu ya ngamia, maana hijra na Hija vilikuwa na haja yake. Nimewataja ili ujue kwamba mwendo wako wa asubuhi katika mitaa ya Tanga si uzushi wala si ukaidi.

Kuhusu kujua kama mwendo huo unadhuru au unafaa, sheria imeturudisha kwa wajuzi: "Waulizeni wenye ujuzi ikiwa nyinyi hamjui" (An-Nahl, 43). Aya imekuja katika mnasaba wa habari za Mitume, lakini wanachuoni wameitumia katika kila fani, na katika uja uzito wenye ujuzi ni wakunga waliosomea kazi hiyo na madaktari wa uzazi. Hao hawakutofautiana sana katika jambo lako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewahimiza wajawazito wasio na kizuizi cha kitabibu wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani katika wiki, na kutembea kwa kasi ya kawaida kumo ndani ya hayo. Dakika hizo ukizigawa ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Kipimo cha wastani ni kwamba uweze kuzungumza na jirani yako bila kukatikiwa na pumzi. Ukiona maneno hayatoki, punguza mwendo. Miezi hii ya kati, tangu wiki ya 14 hivi hadi ya 27, ndiyo wengi huona nafuu, kwani kichefuchefu huwa kimepungua na tumbo halijawa zito kiasi cha kuzuia hatua.

Ukiwa umesikia nasaha ya mkunga aliyekupima, ukatembea kwa nia ya kuuhifadhi mwili ambao ni amana na kumsaidia mtoto uliyembeba, basi ninatarajia kwamba hatua hizo zina thawabu, kwa kuwa matendo huhesabiwa kwa nia, na Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdullah bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake. Alimwambia hivyo alipokuwa akiuchosha mwili kwa ibada, na haki hiyo haipungui kwa kuuacha udhoofike kwa kukaa.

Lakini ruhusa hii ina mipaka, na naomba uisome kwa makini zaidi kuliko yaliyotangulia. Kuna wajawazito ambao daktari huwakataza mazoezi: mwenye kondo la nyuma lililoshuka likaziba mlango wa kizazi, mwenye mlango wa kizazi ulio dhaifu, mwenye dalili za kifafa cha mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na aliyepasukiwa na chupa kabla ya wakati. Kwa mmoja wa hao hukumu hugeuka, na kutulia ndiko kunakokuwa wajibu wake, kwa kauli ya Allah: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara, 195). Nawe ambaye leo umeambiwa uko salama, ukiona damu, au maji yanatoka, au tumbo linabana na kuachia kwa mfululizo, au kichwa kinauma sana na macho yanaona maruweruwe, au kifua kinauma, au shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, usingoje siku ya kliniki. Simama hapo hapo, uende hospitali.

Chagua wakati ambao jua halijapanda, hasa miezi ya kaskazi, kwani joto kali halimfai mjamzito; kunywa maji kabla na baada. Vaa viatu vya kufunga visivyoteleza, na buibui lisiburute chini, kwa sababu viungo hulegea wakati wa mimba na anguko ndilo la kuogopwa kuliko mwendo. Sitara haivunjiki kwa kupandisha upindo hadi juu ya kisigino ikiwa ndani kuna soksi au suruali ndefu. Ukitaka kuogelea, maji ni mepesi kwa mgongo na magoti, na inafaa kwa sharti la mahali pa wanawake peke yao, nawe umestirika.

Hapa nina neno la kuwaambia waume na mama wakwe wanaosoma jibu hili. Nimewahi kusikia mjamzito akikatazwa kutembea nusu saa kwa kuhurumiwa mimba, kisha huyo huyo akaachiwa ndoo za maji, kutwanga na kuinama juu ya karai la nguo mpaka jioni, bila mtu kuiona mimba ile. Hiyo siyo huruma. Kubeba mizigo mizito na kusimama kutwa kunachosha bila kumpa mwanamke nafasi ya kupumzika anapotaka, tofauti na mwendo anaouanza na kuukata kwa hiari yake. Mama Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Mwanamume aliyebeba ndoo ya mkewe mjamzito yumo katika sunna hiyo.

Ama swala yako, swali uliloliuliza ni la haki. Kusimama katika swala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza, na Mtume (S.A.W.) alimwambia Imran bin Husayn: "Swali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu" (Bukhari). Maimamu wa madhehebu ya Shafi wamefafanua kwamba kutoweza hakumaanishi kushindwa kabisa. Mashaka makubwa yanayoondoa khushui (utulivu wa moyo katika swala), hofu ya maradhi kuzidi na hofu ya kuanguka vinatosha kuwa udhuru. Kwa maelezo yako, kusimama kwenyewe hakukushindi. Kinachokusumbua ni kuinuka. Basi kanuni ya wanachuoni ni kwamba lililo jepesi haliondoki kwa sababu ya lililo zito: simama unapoweza kusimama, na utafute wepesi pale penye uzito tu.

Na wepesi huo umo ndani ya sunna yenyewe. Malik bin al-Huwayrith (R.A.) alimwona Mtume (S.A.W.) akiwa katika rakaa ya witiri, yaani ya kwanza au ya tatu, hainuki mpaka akae sawasawa kwanza. Kikao hicho kifupi cha mapumziko ni sunna kwetu sisi Mashafi, na watu wengi wanaoswali kwa haraka wamekiacha. Kifanye, vuta pumzi, kisha inuka polepole ukiegemeza viganja vyako chini. Weka kiti kizito au swali karibu na ukuta ili ushike ukihitaji. Kushika hakubatilishi swala. Katika sijida panua magoti kadiri tumbo linavyotaka. Ikiwa hata baada ya hayo bado unahofia kuanguka, basi anza rakaa ya kwanza kwa kusimama, na zilizobaki uziswali kwa kukaa, nawe urukuu na kusujudu kama kawaida, na swala yako ni kamili bila kuirudia. Usihuzunike kwamba ibada imepungua: Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima na mkaazi (Bukhari), na ninatarajia udhuru wako uingie katika fadhila hiyo.

Kizunguzungu hicho ukakitaje kliniki. Katika miezi hii mishipa hulegea na shinikizo la damu hushuka kidogo, kwa hiyo mtu akiinuka ghafla huona giza, na mara nyingi si jambo la kutisha. Lakini huenda pia damu imepungua, na hilo hujulikana kwa kipimo tu. Vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa usiviache kwa sababu ya ladha yake au kufunga choo.

Linabaki suala la mume wako. Kutoka kwako kuwe kwa idhini yake, na yeye asikuzuie jambo lenye manufaa kwako kwa hofu isiyo na dalili, kwani Allah amewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema (An-Nisaa, 19). Asilazimike kuchagua kati yako na mama yake. Siku ya kliniki ijayo aende nawe, na ikiwezekana mama mkwe aende pia, wamuulize mkunga wenyewe kila linalowatia hofu, pamoja na habari ya mimba iliyotoka. Jibu la mkunga mbele ya wote watatu ndilo mlifuate: akisema endelea, endelea bila wasiwasi, na akiona jambo akakwambia upumzike, acha kutembea siku hiyo hiyo, na nia yako ya kuihifadhi amana itabaki ile ile.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.