Muulize Fundi: Nguvu Farasi 500, au Injini ya Kwenda Nayo Kazini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Chevrolet Chevelle ya 1970 iliyotoka kiwandani na V8 ya inchi za ujazo 307. Injini imechoka. Inakula oili, na kila nikiachia mafuta nikiwa kwenye mwendo inatoa moshi wa bluu. Nataka kuibadilisha, na lengo langu ni nguvu farasi 500. Lakini gari hili silifungii chumbani: naenda nalo kazini, nasafiri nalo na familia, na kiyoyozi lazima kifanye kazi. Rafiki mmoja anasema nitafute 454 kama zile za Chevelle SS, mwingine anasema nijenge 383 ya kabureta, wa tatu ananisukuma kwenye LS3, V8 ya kisasa ya Chevrolet. Nichukue ipi?
Msomaji mwenye Chevelle

JIBU: Marahaba. Nianze na huo moshi. Moshi wa bluu unaotoka pale unapoachia mafuta mara nyingi husababishwa na sili na miongozo ya valvu (mafundi huiita gaidi), si ringi za pistoni. Kabla ya kuihukumu hiyo 307, pima kompresheni silinda zote nane. Zikilingana, injini yako ina uhai bado, na unaweza kuendelea kuitembelea huku ukiandaa nyingine bila papara. Watu wengi hununua injini mbovu kwa sababu tu gari limelala na wanaona aibu kulitazama.

Sasa hiyo 500. Namba za nguvu za magari haya ya misuli lazima uzisome pamoja na mwaka wake. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa peke yake kwenye mashine: haikuzungusha mizigo yote inayobebwa ndani ya gari, na eksozi yake haikubanwa na sailensa. Kuanzia magari ya 1972 wakahamia kwenye kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Angalia LT-1, injini ya Chevrolet ya inchi 350: mwaka 1971 iliandikwa nguvu farasi 330, mwaka 1972 ikaandikwa 255. Uwiano wa mgandamizo, yaani hewa na petroli vinabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ulibaki 9 kwa 1 miaka yote miwili. Kilichobadilika hasa ni namna ya kupima.

Kwa hiyo 454 maarufu ya 1970, ile LS6 ya nguvu farasi 450, ilihesabiwa kwa kipimo cha zamani. LS3 iliyokuja na Corvette ya 2008 ina 430 kwa kipimo kipya, ikiwa na alternata, pampu ya maji na eksozi kamili. Mtu akikwambia LS3 ni pungufu kwa sababu 430 ni ndogo kuliko 450, analinganisha vipimo viwili tofauti.

Halafu jiulize nguvu hiyo utaitumia wapi. Ukitoka kwenye taa, ukimpita mtu barabarani, ukipanda kilima na watoto nyuma, injini inazunguka kati ya mara 1,500 na 4,000 kwa dakika. Huko ndiko unakoishi. Chukua torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwa Nm (nyutoni mita), zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Injini inayotoa Nm 500 kwenye mizunguko 3,000 inakupa kilowati 157, yaani karibu nguvu farasi 210, na hiyo 210 utaigusa kila siku. Nguvu farasi 500 zinazopatikana kwenye mizunguko 6,500 utazigusa kwa sekunde chache, na kwa ajili ya sekunde hizo utavumilia injini nzito kuamka asubuhi na yenye kujikwaa kwenye foleni. Mtu akikuonyesha grafu ya injini aliyoijenga, anza kuisoma upande wa kushoto. Kilele kiache mwisho.

Turudi kwa rafiki zako. Wa kwanza na 454 yake. Ninaipenda injini hiyo, na torki yake ya chini ni ya kweli. Lakini LS6 ilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 11.25 kwa 1, na petroli ya pampu ya leo haiufai uwiano huo kwa hedi (vifuniko vya silinda) za chuma: petroli italipuka ovyo ndani ya silinda, injini itagonga, na kugonga hula pistoni. Ukipata 454 za baadaye, uwiano wake ni wa chini na zinakubali petroli ya kawaida, ila bado zina uzito wa kilo 300 hivi, na uzito wote huo unakaa juu ya magurudumu ya mbele. Gari litakata kona kwa shida, joto litakuwa jingi, mafuta yatakwenda. Kwa gari la kutembelea Jumapili ningekuruhusu. Kwa lako, hapana.

383 ni chaguo la heshima. Ni bloki ya 350 iliyotobolewa kidogo, inchi 0.030, ikapewa krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) yenye mwendo wa inchi 3.75 kama ule wa injini ya 400. Ukubwa wake ni lita 6.3. Ijenge kwa uwiano wa 9.5 kwa 1, hedi za alumini, na kemshafti (shafti inayofungua valvu kupitia tapeti) ya tapeti za rola isiyo na makuu, utapata takriban nguvu farasi 400 na zaidi ya Nm 550 zinazoanza mapema. Inakaa palepale ilipokuwa 307, kwenye mikono ileile ya kushikilia injini. Haihitaji kompyuta. Ukitaka 500 kutoka humo utaipata, lakini kwa kemshafti kali, na hapo ndipo uaminifu unapoanza kuondoka.

Mimi, kwa maelezo uliyonipa, nakwambia chukua LS3 na usiifungue. Iache na kemshafti yake ya kiwandani. Nm 575 kwenye mizunguko 4,600, bloki ya alumini iliyo nyepesi kuliko 350 ya chuma, na injekta zinazojirekebisha zenyewe baridi na joto, bondeni na mlimani. Kiwanda kiliijaribu kwa namna ambayo hakuna fundi mmoja mmoja, mimi nikiwemo, anayeweza kuiga kwenye karakana yake. Gharama ikikulemea, tafuta ndugu yake wa lita 6.0 mwenye bloki ya chuma aliyewekwa kwenye malori madogo ya GM, LQ4 au LQ9. Ni mzito zaidi, lakini ni mgumu. Jambo moja nalisisitiza: kwenye familia hii kuna injini zenye mfumo wa kuzima silinda nne ili kubana mafuta. Tapeti za mfumo huo zina sifa mbaya, na zikifa huondoka na kemshafti. Ziepuke.

Ila kuchagua injini ni nusu ya kazi. Injini nzuri zinazonifikia zimekufa mara nyingi zimeuawa na kilichozizunguka, kwa hiyo hapa nisikilize kwa makini.

Mafuta. Pampu ya zamani ya Chevelle hulisha kabureta kwa presha ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 5 hadi 7. LS3 inataka 58. Usibandike pampu ya umeme chini ya chesisi karibu na eksozi ukadhani umemaliza. Pampu za namna hiyo zinasukuma vizuri kuliko zinavyovuta, na joto huzimaliza. Weka pampu ndani ya tangi, kwenye tangi lenye vizuizi vinavyozuia petroli kukimbia upande mmoja kwenye kona. La sivyo, tangi likiwa robo na kona ikiwa ndefu, injini itavuta hewa, mchanganyiko utakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo) ukiwa umekanyaga mafuta, na pistoni hazisamehi. Badilisha pia mipira yote ya mafuta. Mipira ya 1970 haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli, na mpira uliooza juu ya eksozi ni moto unaosubiri.

Maji. Rejeta ya alumini ya safu mbili, feni za umeme zenye boma linaloziba rejeta nzima ili hewa yote ipite mle, na alternata ya kisasa ya ampea 105 au zaidi, kwa sababu ya zamani haitabeba feni, pampu na kompyuta kwa pamoja. LS ina kibomba chembamba kinachotoa mvuke juu ya hedi na kuurudisha kwenye rejeta. Wapo wanaokiziba kwa kuwa hawajui kazi yake. Usikubali: mvuke ukikaa ndani, hedi hupata joto mahali ambapo kipimo chako hakioni.

Umeme. Waya nene wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kutoka injini hadi bodi, mwingine kutoka injini hadi chesisi, na sehemu ya kufungia ikwanguliwe rangi hadi chuma kionekane. Nusu ya malalamiko ya "kompyuta imekufa" huishia kwenye ethi.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya LS3 ya Corvette haitakaa juu ya chesisi ya Chevelle; nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya ubadilishaji huu. Giaboksi chukua 4L80E yenye gia ya nne ya 0.75. Kwa difu yenye uwiano wa 3.73 na tairi zenye kipenyo cha sentimita 66, kilomita 100 kwa saa utazikimbia kwenye mizunguko kama 2,250. Bila gia hiyo ungekuwa karibu 3,000, na mkeo angekwambia kabla yangu. Difu ya kawaida ya boliti 10 haitadumu na nguvu hizi. Na kama mbele bado una breki za ngoma, weka za diski kabla injini mpya haijawashwa.

SWALI: Fundi, nina Camaro ya 1969 yenye 350 iliyofunguliwa na kujengwa upya vizuri. Napenda ule mlio wa kudunda, gari likiwa limesimama linatetemeka. Nikiweka kemshafti kubwa nitaharibu nini?
Msomaji mpenda mlio

JIBU: Utaharibu breki kwanza. Mlio ule unatokana na valvu za kuingiza na za kutoa kuwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu, na hali hiyo hupunguza mvuto wa hewa kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini). Busta ya breki, inayousaidia mguu wako, inaishi kwa mvuto huo. Inataka kama inchi 16 za zebaki au zaidi. Kemshafti inayoweka valvu wazi kwa digrii 240 za mzunguko wa krenkishafti, ikipimwa valvu ikiwa imeinuka inchi 0.050, inaweza kukuachia kama 10 tu kwenye 350, na siku utakayokanyaga breki mara mbili kwa haraka utakuta kipedali ni jiwe. Kwa barabarani baki kati ya 215 na 225. Bado utasikia mdundo kidogo, na gari litaondoka kwa nguvu kwenye taa, jambo ambalo kemshafti kubwa haiwezi mpaka mizunguko ipande.

Chagua tapeti za rola. Tapeti bapa za zamani zinasugua kemshafti moja kwa moja na zinategemea zinki nyingi kwenye oili. Oili za magari mapya zimepunguziwa zinki hiyo. Kama lazima utumie bapa, nunua oili yenye zinki ya kutosha, na siku ya kwanza iendeshe injini dakika 20 hivi kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500, usiiache ishuke, kwa kuwa nundu za kemshafti hupata oili kwa kurushiwa na krenkishafti.

Kabureta nayo usiipandishe. Zidisha 350 kwa mizunguko 6,000, gawanya kwa 3,456: unapata futi za ujazo 608 za hewa kwa dakika, na hapo tumedhani injini inajaa asilimia 100, jambo ambalo yako haifiki. Kabureta ya futi 600 au 650 yenye milango ya pili inayofunguliwa kwa mvuto inakutosha kabisa. Ya 850 italowesha plagi.

SWALI: Mustang yangu ya 1968 ina 302. Nimetajiwa Coyote, V8 ya kisasa ya Ford ya lita 5.0, na nimetajiwa 351 Windsor, V8 ya zamani ya Ford. Ipi rahisi?
Msomaji wa Mustang

JIBU: 351 Windsor, bila kusita. Coyote, iliyoanza kwenye Mustang ya 2011 na nguvu farasi 412, ni injini bora kuliko zote mbili, lakini ina kemshafti nne juu ya hedi na ni pana mno. Minara ya shokabzoba ya Mustang yako itakuzuia, na ukiikata lazima ubadilishe sasipensheni nzima ya mbele. Kama umejiandaa kwa hilo, endelea.

351 ni ndefu kwenda juu na pana kidogo kuliko 302, kwa hiyo utanunua manifoldi na eksozi zake. Malipo yake ni bloki yenye nguvu: shingo kuu za krenkishafti yake ni inchi 3.00, za 302 ni 2.25. Na usipotaka kuitoa 302, ijenge iwe 347 na uridhike na nguvu farasi 350 hadi 400. Kuisukuma bloki hiyo ya kawaida kufika 500 ni kucheza na hatari ya kuipasua katikati. Kabla ya kununua 351 yoyote iliyotumika, fungua sampu na ukate chujio la oili utazame karatasi yake kwenye mwanga. Ukiona vipande vinavyong'aa, muuzaji abaki na injini yake.