Saa 14 Doha: toka nje, na ukifika sokoni tazama dari

Mkuu, umeuliza kama saa 14 za kusubiri ndege Doha zinatosha kuuona mji au ulale tu kwenye viti vya uwanja. Toka. Mimi nimepita pale mara tatu nikienda Istanbul kufuata nguo, na mara ya kwanza nililala. Mpaka leo najilaumu.

Suala la visa limalize ukiwa nyumbani, kwenye mfumo wao wa mtandaoni uitwao Hayya. Teksi achana nayo; metro inafika hadi uwanjani na tiketi ya siku nzima ni riyali 6, haifiki dola 2. Shuka Msheireb. Wengi watakutuma West Bay kupiga picha maghorofa. Maghorofa utayaona tu, hata kwa mbali.

Anzia nyumba ya Bin Jelmood, karibu na stesheni. Ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, leo ni makumbusho ya utumwa wa Bahari ya Hindi. Sikutegemea wangelisimulia jambo hilo waziwazi vile. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952, juzi tu, na miongoni mwa waliotumikishwa kuzamia lulu walikuwemo watu waliochukuliwa huku kwetu Afrika Mashariki. Nilitoka mle sina hamu ya kusema na mtu.

Kutoka hapo nenda Souq Waqif kwa miguu. Usidanganyike na ukongwe wake: soko liliungua 2003 na sehemu kubwa imejengwa upya. Lakini inua macho. Dari ni za boriti! Ghuba haina miti ya kujengea, kwa hiyo majahazi yalikuwa yakibeba mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na vyumba vya kizamani kule ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Wenyewe wanaziita danchal. Mimi mtu wa Lamu, babu yangu alikata mikoko ujana wake wote. Nikaganda katikati ya njia nimekodolea dari, mpaka mzee mmoja mwenye toroli akanipigia kelele "Tariq, tariq!", yaani njia, njia, nikaruka pembeni. Na wale wasukuma toroli wanaitwaje? Hamali.

Kwenye soko la kozi, wale ndege wa kuwindia, ingia hata kama hununui. Ndege wamepangwa kwenye vigingi, kila mmoja kavishwa kikofia cha ngozi kinachoziba macho, kimya kama wako msikitini. Kula balaleet: ni tambi za sukari kabisa, ila wanazifunika kwa mayai. Mimi ile chumvi juu ya sukari ilinishinda, mwenzangu alimaliza sahani mbili. Karak ni chai ya maziwa yenye iliki, hutajiona mgeni.

Jioni jua likipoa tembea ufukweni hadi Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, kazi ya msanifu majengo I. M. Pei, yaliyofunguliwa 2008. Mzee alikataa viwanja vyote vya mjini, akajengewa kisiwa chake ili asije akazibwa na ghorofa la mtu. Kutoka pale ndipo West Bay inapopendeza, taa zikiwaka ng'ambo ya maji na majahazi yamefungwa mbele yako.

Unatua siku gani? Kama ni Ijumaa sema mapema, maana asubuhi yake maduka mengi yamefungwa na itabidi tuupindue mpango mzima.