Mume ameniambia mtoto akifika miaka 7 anamchukua, ni kweli?

SWALI: Shangazi shkamoo. Mimi na mume wangu tunaachana, tuna mtoto wa miaka 5 na mwingine wa 9. Anasema sheria inampa watoto wakishafika miaka 7 tu na mimi sina kazi ya maana, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, sio hivyo kabisa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 125 inasema mtoto chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vizuri akae na mama, ila baba anaweza kupinga kwa sababu za msingi, na hakuna sehemu inasema akifika 7 ni wa baba automatiki. Mahakama inaangalia maslahi ya mtoto kwanza, halafu matakwa yenu wazazi, mila zenu, na huyo wa 9 anaweza kuulizwa anataka kukaa wapi. Na kukosa kazi kusikutishe, kifungu cha 129 kinamtaka baba atunze watoto hata kama wanaishi kwako. Anzeni baraza la usuluhishi la kata, wakishindwa kuwapatanisha wakupe hati inayosema hivyo ndo uende mahakamani, hata ya mwanzo inatosha. Na tafadhali usiwahamishe watoto shule saivi, mahakama haipendi mtoto kuyumbishwa.