Askari wanapendana ila kazini wamelegea: jibu langu

Mkuu, umeuliza inakuwaje askari wa platuni moja wanakula pamoja, wanataniana, wanafichiana siri, ila kazini mikono mizito. Nimetumikia jeshi, koplo kisha sajini, na hali hiyo naijua vizuri.

Urafiki peke yake hauleti ari. Marafiki wa kufa na kuzikana wanaweza pia kulindana kwenye uzembe: mmoja akisinzia lindoni, wenzake wanamfichia. Mshikamano unaomfanya askari ajitume ni wa kazi, yaani anajua kuna jambo wenzake wanamtegemea yeye. Na hilo halipatikani kama kila kitu kimeshapangwa juu.

Kwenye seksheni moja niliyoiongoza, yaani kundi dogo ndani ya platuni, orodha ya lindo ilikuwa inashuka kutoka ofisini, majina yale yale saa nane usiku. Watu walitimiza, basi. Akaja kamanda mpya wa platuni, akasema lindo lisiwe wazi hata dakika moja na silaha zikabidhiwe kwa hesabu. Mengine pangeni wenyewe. Vijana wakabishana kweli kweli. Mwenye doria ya alfajiri akapewa zamu ya kwanza, mtu wa redio akaanza kumfundisha mwenzake ili naye apate kulala. Haukupita muda, kuruta aliyekuwa hafungui mdomo akaja kuniambia kona ya nyuma ya ghala haionekani kutoka kwenye kibanda cha mlinzi. Na kwenye kibanda kile alikuwa akisimama siku zote, bila kusema.

Ila kulegeza kuna mipaka. Usalama wa silaha na muda wa kuripoti havina mjadala. Mipaka ikiyumba, askari hajitumi, anasubiri kuambiwa.

Jambo jingine ni uhamisho. Mwaka 1948 wanasosholojia wa Marekani, Edward Shils na Morris Janowitz, walichambua jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili, wakaona kilichowashikilia askari wengi vitani ni kundi dogo la wenzao, zaidi ya itikadi. Ila Marekani kwenye vita vya Vietnam ilipeleka askari mmoja mmoja, kwa kawaida zamu ya miezi 12, kwa hiyo seksheni haikukosa mgeni asiyejulikana na mwingine anayehesabu siku za kurudi nyumbani. Hapo mshikamano ungeota lini?

Ningekuwa wewe, kabla ya kuandaa michezo na sherehe, ningezuia seksheni zisichanganywe ovyo, halafu ningewaachia makoplo ratiba ya lindo, wapange na watu wao.