Jibu: Bandama limepasuka, lazima litolewe?
Pole sana dada'angu kwa kakaako kuanguka mkarafuu. Umeuliza kama lazima atolewe bandama, hapana si lazima. Presha ikiwa imetulia na siti skani (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili) inaonesha damu inavuja, wanapitisha mpira mwembamba kama tambi kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye mshipa wa bandama, wanauziba kwa vikoili, yaani vijiwaya vilivyojisokota, tumbo halipasuliwi na bandama linabaki kumlinda na maradhi. Ila presha ikishuka na damu keshaongezwa, wallahi msivute muda, kubalini apasuliwe. Likitolewa ulizeni chanjo ya nimonia. Na nakuombeni, akitokwa jasho la baridi au bega la kushoto likimuuma muiteni daktari hapohapo, damu yaweza kuanza tena hata baada ya siku kadhaa.