Ukipewa kazi ya habari za klabu ya boti, soma hii kwanza

Kila klabu ya boti za tanga ina ile kazi ambayo ikitajwa kwenye mkutano mkuu watu wote wanaangalia chini, kazi ya mtu wa habari. Mimi siku hiyo nilichelewa kuangalia chini. Huu mwaka wa 3 nabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa na kuwatumia wanachama meseji, na makosa niliyofanya mwanzoni bado nataniwa nayo, basi wacha niyamwage hapa labda yatamsaidia mwingine.

La kwanza lilikuwa la maji. Nilikuwa na haraka nikachukua tangazo la wiki iliyopita nikabadilisha tarehe tu, saa ya kuanza mbio nikaiacha ileile, saa 4 asubuhi. Sasa ile wiki iliyopita saa 4 maji yalikuwa yamejaa hadi juu ya silipu, ile njia ya mteremko ya kushushia boti, boti unaisukuma kidogo inaelea yenyewe. Ila maji kila siku yanachelewa kama dakika 50, zidisha kwa siku 7 unapata karibu saa 6, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika chache, yaani saa ambayo wiki hii maji yamejaa, wiki ijayo saa hiyohiyo yamekupwa. Ni hesabu ya mtoto wa shule, mimi sikuipiga. Na kama haitoshi ikawa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana kuliko kawaida. Watu wamekuja, laifu jaketi wamefunga, matanga yako juu yanapigapiga, mbele yao tope tupu mpaka karibu na boya la kwanza na kaa wanakatiza kama wako kwao.

Mzee mmoja, wa siku nyingi pale klabuni, akanisogelea taratibu. "Mwanangu, hii saa 4 umeitoa wapi?"

"Nisamehe mzee wangu, niliikuta kwenye karatasi ya wiki jana."

Hakunigombeza. Akaenda akakaa kwenye ukingo wa boti yake akasubiri maji yarudi, na wengine wakaona hamna namna nao wakakaa, na mimi nikakaa nao huku natamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo tangazo langu linaanza na maji, yanajaa saa ngapi yanakupwa saa ngapi, kisha ndio saa ya mbio, na natoa kwenye jedwali lenyewe la mwaka huu, sinakili kwenye tangazo la zamani hata iweje.

Kosa la pili lilichukua muda kuliona manake hakuna aliyelalamika. Nilikuwa naandika washindi tu. Wa kwanza fulani, wa pili fulani, picha ya kikombe, kwisha. Sasa klabu nyingi washindi ni walewale watu wanne watano, na wao wanajua kabisa wameshinda, hawangoji ubao uwaambie. Anayengoja ni yule aliyeingia wa mwisho wakati kamati inakunja bendera. Huyo asipotajwa wiki tatu mfululizo haji tena, wala hasemi kwa nini, unashtukia boti yake ina vumbi.

Nikaanza kuandika kutoka mkiani. Kuna dada mmoja henza, kamba ya kupandishia tanga, ilimkatikia njia ya kwenda boya la pili, tanga lote likaporomoka, ungedhani ataita boti ya uokozi. Hakuita. Akaunga ile kamba, akapandisha tanga nusu mlingoti, akabisha hivyohivyo na upepo usoni mpaka akamaliza, wenzake wameshaosha boti. Nikamwandikia mistari minne. Wiki iliyofuata kaja na mdogo wake, na hao wawili hawajakosa mbio hadi leo. Watoto nao hivyohivyo, wale wa Optimist, viboti vya mita 2.3 ambavyo Mmarekani Clark Mills alivibuni mwaka 1947 na ukivitazama kweli vinafanana na beseni lenye tanga. Ukiandika "watoto walifanya vizuri" hakuna anayesoma. Ukiandika kwamba mmoja alipinduka, akaisimamisha boti mwenyewe, akakaa anafua maji kwa dumu lililokatwa huku anawahesabia wanaompita kwa sauti, ukoo mzima utakuja kusoma. Jina na picha ya mtoto omba ruhusa ya mzazi kwanza, hilo halina mjadala.

Halafu eleza mambo. Mgeni amesimama ufukweni anaona boti ya kwanza kufika imewekwa ya tatu, anasema kamati imechakachua. Boti za aina tofauti zikishindana muda wake unarekebishwa, iliyo na kasi kwa umbile lake inabanwa zaidi, kwahiyo mimi naweka muda wa aina zote mbili, wa saa na uliorekebishwa, na kelele zimepungua sana. Bendera pia. Bendera ya daraja lako, yaani ya aina ya boti yako, ikipanda ujue zimebaki dakika 5, ya maandalizi inapanda zikibaki 4 na kushuka ikibaki 1, ya daraja ikishuka mnaondoka, na ile nyeupe yenye msalaba wa bluu maana yake kuna mtu kawahi, arudi. Hii niliiandika mara moja nikaiacha ubaoni, na wengine ni wanachama wa miaka kumi lakini nimewaona wanaisoma kwa kuibia.

Kitu kimoja usikiguse ni malalamiko ya mbio kabla hayajasikilizwa. Mtu kapandisha bendera nyekundu, anadai mwenzake alikuwa na upepo wa kushoto na hakumpisha yeye wa kulia, wewe nyamaza. Mimi niliwahi kuandika "fulani alikosea" Ijumaa asubuhi, jioni kamati ikasikiliza ikaona hakukosea, ikabidi nimfuate nyumbani kumwomba radhi. Ubaoni pia nilibandika radhi, kwa herufi kubwa kuliko zile za mwanzo.

Majina ya boti hakiki herufi kwa herufi. Mtu jina lake ukilikosea anacheka, la boti yake ananuna.

Yule mzee wa saa 4 siku hizi anafika Ijumaa kabla sijamaliza kubandika. Anavaa miwani anasoma maji kwanza, hayo mengine baadaye. Juzi akaniomba kalamu, akakata saa ya kupwa niliyoandika akasogeza mbele kama dakika 50, akanirudishia kalamu bila neno. Nikaenda kuangalia jedwali. Nilikuwa nimesoma mstari wa Jumamosi, na mbio ni Jumapili.